Kuhusu ile kazi ya Bujumbura

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata, baba yako nimemsomea. Unauliza kama uache kazi ya benki hapo Dar uende Bujumbura na lile shirika, ukafanye hiyo diplomasia ya kibinadamu, yaani kuwasemea wenye shida kwa wakubwa, na kama kazi yenyewe ina mbele. Mi nataka kujua kwanza utakuwa unakaa na nani huko, wenye shida au wenye ofisi.

Si unajua nilikuwa nesi kambini Mtabila, kwa wakimbizi wa Burundi, na sisi Waha Kirundi tunakisikia, kwa hiyo wageni wakikosa mkalimani naitwa mimi. Basi baada ya ule mkataba wa 2003 wa serikali ya Burundi na waasi wa CNDD-FDD kaja bwana mmoja mkubwa kuongea na watu habari za kurudi kwao. Akasimama mzee wa Makamba kule Burundi, alikimbia 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa, akaanza kueleza shamba lake, linaanzia kwenye mwembe linateremka mpaka kijitoni, upande wa juu kuna kaburi la mama yake, na amesikia kuna watu wamejenga humo. Anaonyesha kwa mkono kabisa, utadhani shamba liko pale mbele yetu. Yule bwana akaniambia nifupishe. Nifupishe nini sasa, mwembe au kaburi? Nikatafsiri yote. Akaangalia saa, akasema mwambie suala lake litashughulikiwa. Nikamwambia. Mzee akauliza, lini? Bwana keshapanda gari. Mzee akabaki ananitazama mimi, na mpaka leo ikinijia usiku silali.

Ndo maana nawaambiaga kila siku, mkataba usio na mtu wa kurudi kuuliza ni karatasi tu.

Baba yako anabisha hapa, anasema bila mkataba wa amani wa Arusha huyo mzee angerudi wapi. Na kweli. Mwalimu alihangaika na ile meza ya mazungumzo mpaka akafariki Oktoba 1999, Mandela akaipokea, wakasaini Agosti 2000, na vita vikaendelea maana CNDD-FDD na waasi wengine wa FNL hawakuwemo. Kuna watu waliendelea kuwafuata hao mpaka nao wakasaini, FNL mpaka 2006. Hao nao ni watu wa kurudi kuuliza, siwadharau hata kidogo.

Lakini tena, bunduki zikishanyamaza mtu anafika kwake anakuta shamba lina mwenyewe mwingine, naye ana watoto na hana pa kwenda. Tume yao ya ardhi ikawa inakata shamba katikati, nusu huyu nusu yule, wanabaki majirani wote wana kinyongo. Nani anarudi mwaka unaofuata kuwauliza wanaishije? Hapo ndo kwenye kazi, mama, na hapo picha hazipigwi.

Sasa usinilazimishe niseme nenda au baki, wewe mtu mzima, na benki ni benki, ada ya mdogo wako unaijua. Ila kwenye intavyuu waulize kama kuna hela ya kwenda kijiji kilekile mara ya pili na ya tatu, au ni semina za hotelini na ripoti. Wakikwambia ni Makamba na Rumonge kwa miguu, kukaa na watu mpaka wamalize kusema, aah, hapo mimi... nimeshasema sisemi.

Kiha chako kimelala sana, ukinipigia kuanzia leo tusichanganye Kiswahili.

Mama yako