Maswali na majibu: pikipiki, magari na kasa wa fukwe zetu

Barua nyingi za safari hii zimekuja na jambo moja: magari na pikipiki kuzuiwa kupita mchangani ili kuwapisha kasa na ndege. Nimechagua hizi. Za matusi nimeziweka kando, pamoja na zile zinazouliza kasa ana faida gani.

Ufukwe ni mali ya umma. Ni sheria gani itakayonizuia kupita na pikipiki yangu? (Bodaboda, Ukunda)

Kaka, umeanza vizuri. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hakuna mwenye ploti anayeweza kukwambia mchanga huo ni wake, na ukiambiwa hivyo usikubali. Lakini mali ya umma haitumiwi kila mtu anavyotaka. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao ni wa umma, na huingii mle na msumeno wako. Haki ya kuufikia ufukwe ni yako wewe. Injini haina haki hiyo.

Tazama pia unapopita. Maji yakijaa, ule mchanga mgumu wa chini unafunikwa, nawe unapanda juu kwenye mchanga mkavu karibu na majani. Hapo ndipo kasa anapotaga, kwa sababu mayai yakizama kwenye maji ya chumvi yanakufa. Wewe na yeye mnagombea ukanda uleule mwembamba, na nyuma yake kuna ukuta wa hoteli. Hana pa kurudi.

Najua kwa nini unapita mchangani. Njia za umma za kushuka baharini zimezibwa moja baada ya nyingine; iliyokuwa njia ya wavuvi leo ina geti na mlinzi. Basi daini njia hizo. Wenye bodaboda mna umoja, mna viongozi, mnasikilizwa wakati wa kura. Nendeni kaunti mkatake ramani za ploti, muulize njia zilizochorwa zimekwenda wapi. Mkifanya hivyo nitawaunga mkono kwenye ukurasa huu kila toleo. Lakini kumpitia kasa juu ya mayai yake kwa kuwa tajiri amekufungia njia ni kumwadhibu asiyekukosea.

Nimezaliwa na kukulia Malindi, sijawahi kumwona kasa akitaga. Hao kasa wako wapi?

Wanapanda usiku, wewe ukiwa umelala. Swali hili huletwa kila mara na watu ambao hawajawahi kufika ufukweni alfajiri. Nenda kabla watu hawajaamka, utafute alama pana za mburuto zinazotoka majini na kurudi majini. Magurudumu yakitangulia kupita, alama hizo zinafutika, na wanaolinda viota hawatajua kiota kiko wapi. Kiota kisichojulikana hakina mlinzi.

Kiota cha kasa kiko chini nusu mita au zaidi. Tairi litayavunjaje mayai? (Mwanafunzi, Tanga)

Swali zuri, na hili ninalijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wanadhani wameshinda hoja wakifika hapo.

Tairi halihitaji kuvunja yai hata moja. Kasa wa kijani hutaga mayai 100 na zaidi kwa mara moja, huyafukia na kuondoka. Kwa muda wa miezi 2 hivi mayai hayo huvuta hewa inayopenya kati ya chembe za mchanga. Mchanga ukishindiliwa, hewa hupungua. Vifaranga wakiangua huchimba kwenda juu kwa pamoja, kazi ya siku kadhaa, na juu wanakuta mchanga umekuwa sakafu. Wengine huishia humohumo.

Waliofanikiwa kutoka wanakutana na mifereji ya matairi. Kifaranga ana urefu wa sentimita 5 hivi. Akitumbukia kwenye mfereji wa Land Cruiser hawezi kupanda kingo zake, hivyo anaufuata, na mfereji huo umekwenda sambamba na bahari. Anatambaa usiku kucha bila kufika majini. Kaa wanamkuta, kukipambazuka kunguru wanamkuta, na asiyeliwa anakaushwa na jua. Nguvu aliyotoka nayo kwenye yai, ambayo ilikuwa ya kumvusha mawimbi na kumfikisha kina kirefu, imekwisha mchangani.

Kuna na mengine usiyoyauliza. Kaa wa mchangani hutoka mashimoni usiku kutafuta chakula, na gari likipita wakati huo linawaua kwa wingi. Watafiti wa Marekani na Australia wameliona hilo kwenye fukwe zao. Mlakasa na mimea mingine inayotambaa juu ya mchanga ikikatwakatwa na matairi, mchanga unabaki bila wa kuushika na upepo na mawimbi yanauchukua. Halafu wenye majumba wanalalamika kwamba bahari inawala. Nao vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni wanaotoka kaskazini ya mbali kabisa, Siberia, huja kwenye mkono wa bahari wa Mida na mdomo wa mto Sabaki kula na kupumzika. Wanahitaji kujaza mafuta mwilini kabla ya kurudi kuzaa. Kila wanaporushwa na pikipiki wanayachoma mafuta hayo bure.

Nikipita usiku taratibu, taa nimezima, kuna ubaya?

Upo. Ukiwasha taa, kasa anayepanda anageuka na kurudi majini bila kutaga, na vifaranga wanaufuata mwanga wako badala ya bahari. Ukizizima, humwoni. Juni 2010, katika kisiwa cha Ocracoke, North Carolina, Marekani, kasa duvi aliyepanda kutaga alikanyagwa na gari usiku akafa, na usiku huo magari yalikuwa yamekatazwa kupita.

Wageni wetu wanapenda kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, na madereva wetu wamefunzwa. Mkipiga marufuku mnaua utalii. (Meneja wa hoteli, Pwani ya Kusini)

Hoja hii si ngeni. Afrika Kusini ilipopiga marufuku magari ya starehe kwenye fukwe zake zote, kanuni zikaanza kufanya kazi Januari 2002, wenye magari walisema miji ya pwani itakufa. Watalii bado wanakwenda. Ndege mmoja mweusi mwenye mdomo mwekundu, anayetaga mchangani miezi ileile ya likizo, ambaye zamani mayai na makinda yake yalikuwa yakipondwa na matairi, ameongezeka.

Hifadhi ya ufukwe ya Cape Hatteras, kule kule North Carolina, hawakufunga kabisa. Baada ya kesi iliyofunguliwa mwaka 2007 na makubaliano ya mahakamani ya 2008, ikatoka kanuni ya kudumu mwaka 2012: vibali vya kulipia, sehemu zilizofungwa, na usiku marufuku kwenye fukwe za kasa kuanzia Mei hadi katikati ya Novemba. Viota vya kasa vilikuwa 112 mwaka 2008. Mwaka 2019 vilifika 473. Sitasema yote hayo ni kazi ya kanuni, kwa kuwa kasa waliongezeka sehemu nyingine za pwani ile pia. Ila ufukwe haukufa, na magari bado yapo kwenye sehemu zilizotengwa.

Na wewe meneja, kabla hatujazungumza kuhusu kwadi, zima taa zako zinazotazama bahari. Taa za baa moja zinaweza kuwapoteza vifaranga wa kiota kizima. Jambo la pili: nitapinga kwa nguvu zangu zote utaratibu wowote wa kumfukuza kijana wa bodaboda asubuhi na kuiachia kwadi ya hoteli ipite jioni. Marufuku ikija, ianze na wenye pesa.

Sisi wavuvi tutashushaje mashine za boti na kupandisha samaki gari likikatazwa? (Msambweni)

Mzee wangu, hakuna mwenye akili anayetaka ubebe mashine ya boti begani kilomita nzima. Hata Afrika Kusini waliacha sehemu zenye leseni za kushushia boti. Kinachotakiwa ni njia moja ya gari, inayoshuka moja kwa moja kwenye diko, pale mnapopandishia boti na samaki, na kurudi ilikotoka, bila kutembea ufukwe mzima. Gari lishuke mchana, lipite mchanga wenye maji wakati wa kupwa, na lisiegeshwe juu kwenye majani. Ninyi wenyewe mnajua maji makubwa ya bamvua yanafika wapi na kasa wanapandia wapi kuliko ofisa yeyote. Kikundi chenu cha usimamizi wa ufukwe, BMU, kikae, kichague njia hiyo, kiweke mawe pande zote mbili, na barua ipelekwe kaunti kabla hawajawachagulia wao. Wakianza wao, njia itawekwa pale ambapo haimsumbui mgeni wa hoteli, nanyi mtapewa kona ya mawe.

Niongeze jambo usiloliuliza. Madiko mengi yananyemelewa na wenye hati mpya. Njia ya gari iliyoandikishwa rasmi ni ushahidi kwamba diko lipo na linatumika.

Natumia kiti cha magurudumu. Mkifunga magari, nami mmenifungia bahari. (Mombasa)

Dada, una haki ya kuuliza, na wanaotunga kanuni mara nyingi wanakusahau. Kanuni za Afrika Kusini zinaruhusu mwenye ulemavu kuombewa kibali cha gari, na zetu ziandikwe hivyo kuanzia siku ya kwanza, bila kungoja marekebisho. Kilicho bora zaidi ni njia ya mbao kutoka barabarani hadi karibu na maji, na viti vya magurudumu mapana ya mchangani. Hivyo havimdhuru kasa hata kidogo, na gharama yake hoteli kubwa inaimudu.

Kwa nini msifunge miezi ya kutaga tu?

Kwa sababu kwetu hakuna msimu wenye mwisho. Kasa wa kijani hutaga karibu mwaka mzima katika pwani ya Kenya, wengi zaidi kati ya Machi na Julai. Kalenda ya Marekani haitufai.

Tanzania kuna sheria ya mita 60. Inahusu magari? (Kigamboni)

Soma kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hadi mwisho. Kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na pia zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ufukwe. Kila mtu hunukuu nusu ya kwanza, ya majengo, na hata hiyo haitekelezwi.

Huku Oman familia huingia na magari ufukweni siku za mapumziko. Tunaambiwa tuache. Nanyi huko mnafanya nini? (Muscat)

Tunafanya uleule ubaya, ndugu, na bahari ni moja. Kisiwa chenu cha Masirah ni moja ya sehemu kubwa zaidi duniani za kutagia kasa duvi, nao wamepungua sana. Ras al-Jinz mna hifadhi ya kasa tangu 1996; muiheshimu. Tena yuko ndege mweusi na mweupe, mla kaa, anayechimba shimo mchangani na kutaga humo kwenye pwani zenu za Arabuni, kisha anakuja kukaa Mida na kusini zaidi. Gari lenu likipasua shimo lake, sisi huku anatupungukia. Waambie wazee: gari libaki barabarani, chakula kibebwe kwa mkono.

Nimekuta kiota na tairi limepita juu yake. Nifukue niyahamishe mayai?

Usifukue. Yai la kasa likigeuzwa baada ya saa chache za mwanzo, kiinitete kinajitenga na kufa. Usirudishie mchanga kwa koleo wala usiukanyage. Weka alama kando, si juu ya kiota, kisha ita KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, au BMU. Kwa Tanzania ita ofisa uvuvi. Kama mifereji ya tairi imekatiza kati ya kiota na maji, isawazishe kwa mkono jioni kabla giza halijaingia, na uwaambie walio karibu wafanye hivyo kila jioni mpaka vifaranga watoke.