Maswali ya gumegume: taja mwaka na mji kabla ya kununua

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kwa wanaounda bunduki ndefu za gumegume (zinazowashwa kwa cheche za jiwe) za Pennsylvania, Marekani, na wanaotaka vyuma na njumu zake, yaani mapambo ya madini yanayopachikwa kwenye mbao, zifanane na za zamani. Karibu yote, tena, hayataji mwaka. Nimelisema hili mara nyingi: kwanza mwaka, pili mji, ndipo ufungue pochi. Bunduki ya Lancaster, mji wa Pennsylvania, ya 1770 na ile ya 1810 zinashindiliwa baruti na risasi kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, zote mbili, lakini hazivai nguo moja.

Naunda bunduki ya Lancaster ya 1770. Nimepata njumu za fedha ya Kijerumani kwa bei nafuu. Nichukue?

Ziache hukohuko dukani. Fedha ya Kijerumani haina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, nao ulianza kutengenezwa kwa ajili ya biashara huko Ujerumani miaka ya 1820. Utakuwa umeivisha bunduki yako madini ambayo fundi wake angeyasubiri kwa miaka 50. Fundi wa enzi ile alipotaka weupe alifua sarafu za fedha. Mimi niliwahi kuuziwa nyota ya kupachika shavuni mwa kitako kwa jina la fedha halisi, nikaipachika, na sonara ndiye aliyeniambia kuwa si fedha. Kuing'oa bila kupasua mbao kulinigharimu siku mbili. Mwonyeshe sonara kabla ya kulipa.

Na hili hukuuliza: njumu zenyewe ngapi? Miezi, mioyo na samaki waliotapakaa kuanzia kitakoni hadi karibu na mdomo wa mtutu ni mtindo ulioshamiri baada ya vita vya uhuru wa Marekani. Kwa 1770 nyota moja inatosha, na bila nyota pia ni sahihi. Fahari ya kipindi hicho ilikuwa kwenye michongo ya mbao, na huko ndiko nawaona wengi wenu mkikwepa, kwa sababu njumu hununuliwa na mchongo haununuliwi.

Kijaluba kitakoni, cha kuwekea viraka vya nguo vya kufungia risasi, kiwe na mfuniko wa mbao au wa shaba?

Swali zuri, ila mwaka uko wapi? Mfuniko wa mbao unaoteleza ndio wa kale zaidi. Ulikuja na mafundi wa Kijerumani, pamoja na bunduki zao fupi nene za kuwindia. Mfuniko wa shaba njano wenye bawaba ulienea katika miaka iliyotangulia vita vya uhuru, kisha ukatawala. Kwa hiyo ukiniambia 1755 nitakujibu mbao, ukiniambia 1790 nitakujibu shaba. Kati ya 1765 na 1775 vyote viwili vinakubalika, na uamuzi utaufanya kwa kuangalia mji na fundi unayemfuata.

Ukimfuata Jacob Dickert, aliyezaliwa Mainz mwaka 1740 na kufanya kazi Lancaster hadi alipofariki 1822, utakutana na kijaluba cha shaba chenye kichwa cha ua la daisi. Ua hilo limekuwa kama sahihi ya Lancaster. Kwa hiyo usilipachike kwenye bunduki unayoiita ya Bethlehem au ya Reading, miji mingine ya Pennsylvania, kwa sababu tu limekuvutia. Kila mji ulikuwa na mkono wake, na anayezijua bunduki hizi huutambua kabla hajaishika.

Na kile kijaluba kidogo cha mviringo mnachokiona kwenye baadhi ya bunduki ni cha kuwekea fataki, vile vikofia vya kulipukia vya bunduki za baadaye zisizotumia jiwe. Kwenye gumegume hakina kazi.

Mtambo wa gumegume, ule wa kuwashia baruti, niufue mwenyewe ili uwe halisi?

Si lazima. Mafundi wengi wa Pennsylvania wenyewe walinunua mitambo iliyoletwa kutoka Uingereza na Ujerumani, basi kununua hakukupunguzii uhalisi wowote. Angalia bamba lake: lenye mkia uliochongoka ni la Kijerumani na linafaa miaka ya kabla ya vita. Ukiona kigurudumu kidogo pale springi inapokutana na bamba linalogongwa na jiwe, huo ni mtambo wa mwisho wa karne ya 18 au baadaye. Wengi hununua wenye kigurudumu kwa kuwa unafanya kazi kwa ulaini, halafu wanaandika 1760 kwenye maelezo ya bunduki. Huko ni kumdanganya mnunuzi.

Skrubu za msalaba zinakubalika sehemu zisizoonekana?

Hapana. Ni za miaka ya 1930.

Na skrubu za mbao za kawaida?

Kata ncha. Skrubu ya mbao yenye ncha kali ilienea kuanzia miaka ya 1840. Kabla ya hapo ilikuwa butu, na fundi alitoboa tundu kwanza. Mfereji wa bisibisi uwe mwembamba, na usihangaike ukikaa upande kidogo, kwani ulikatwa kwa mkono.

Naweza kutumia bomba la maji kama mtutu?

Hili nalijibu kwa mara ya mwisho. Hapana. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili baruti. Hupasuka, na linapopasuka mkono wako wa kushoto upo juu yake. Nunua mtutu uliopimwa, na ujue sheria ya mahali unapoishi inasemaje juu ya kuunda silaha.

Nipo Tanga. Marehemu babu aliacha gumegume yenye taji na neno TOWER kwenye bamba. Nataka kuisugua na kuibadilishia vyuma ili niiweke sebuleni.

Kwanza nenda polisi uulize habari ya umiliki, kwani Tanzania ina sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 2015, na neno "urithi" peke yake halikukingi.

Pili, usiisugue. Taji na TOWER ni alama ya ghala la silaha la Uingereza, lakini bunduki nyingi za biashara zilizoletwa Afrika zilipigwa alama za kuiga. Kutu, mikwaruzo na matengenezo ya wahunzi wa kwetu ndiyo ushahidi wa ilikopita. Ukibadilisha vyuma unaufuta.

Tatu, bunduki hizi mara nyingi hukutwa bado zimeshindiliwa, na baruti ya zamani huweza kuwaka. Ingiza mdeki taratibu mpaka ukwame, ukiwa pembeni ya mdomo wa mtutu, uweke alama, kisha uupime kwa nje. Ukikwama vidole kadhaa kabla ya kitundu cha kuwashia, kuna kitu ndani. Iache ilipo, watoto wakae mbali, na umwite anayejua.