Pima Watoto Kimo Kabla Hujakata Tiketi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Nzega aliniandikia ujumbe mfupi ulioninyima usingizi: "Dada, likizo ya mwezi wa sita nataka kuwapeleka wanangu watatu Dar es Salaam wakateleze kwenye yale mabomba ya maji na kupanda mabembea makubwa. Kiingilio ni shilingi ngapi, na mchezo upi ni mzuri kuliko yote?" Nilimwandikia mistari miwili, kisha nikaifuta. Maswali yake ndiyo niliyouliza mimi mwaka 2023, karibu kwa maneno hayo hayo, nami nilijibiwa vizuri tu, na bado safari yangu iliharibika. Kwa hiyo namjibu hapa kwa urefu, ili na wazazi wengine wa mikoani wanaotamani kuwapa watoto wao siku moja ya namna hiyo wasipite nilikopita.

Tulidunduliza kwa miezi kumi. Mimi ninauza vitenge hapa Tabora mjini na mume wangu ni fundi umeme, na kila Ijumaa kiasi fulani kiliingia katika kibubu, hata kufikia Desemba tukawa na shilingi 950,000, ambazo zaidi ya nusu yake ziliishia kwenye nauli. Watoto walikuwa watatu: Rajabu mwenye miaka kumi na miwili, Mwajuma mwenye saba, na Idrisa, kitindamimba wetu, mwenye minne. Jioni waliazima simu ya baba yao wakatazama video za Formula Rossa ya Abu Dhabi, lile gari la reli lililofunguliwa mwaka 2010, linalokimbia hadi kilomita 240 kwa saa, na abiria wake huvaa miwani ya kukinga macho. Sikuwaambia kwamba tunakokwenda hakuna kitu cha namna hiyo. Niliiona furaha yao nikanyamaza.

Habari ya kimo niliijua, kwa sababu wifi yangu wa Tegeta, Dar es Salaam, alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mtoto hapandi mabomba marefu mpaka afikishe sentimita 120. Siku mbili kabla ya safari nilimsimamisha Mwajuma kwenye fremu ya mlango wa stoo, nikampima kwa futi ile ile ninayopimia vitenge. Alikuwa amevaa viatu vyake vipya, na kichwani alikuwa na mabutu mawili ya uzi aliyofumwa kwa ajili ya safari, yamesimama wima. Nikaweka alama ya penseli juu ya mabutu, nikasoma 121, nikamwambia, "Umefika, mwanangu." Akakimbia kumwambia kaka yake.

Ya njiani hayana mengi. Tulilala kwa wifi, na asubuhi tukaamka mapema kupika pilau, maana sikutaka kununua chakula cha bei ya juu, na pilau hilo likatuchelewesha hata tukafika Kunduchi, kwenye yale mabomba ya maji, saa tano na nusu, jua limekwisha kupanda na foleni imejaa. Langoni tukaambiwa chakula cha nje hakiingii. Sisi tuliolelewa na bibi zetu hatutupi chakula, tukakaa chini ya mnazi tukala haraka haraka hadi sufuria likawa tupu, na watoto wakaingia kwenye michezo ya kuzunguka matumbo yakiwa yamejaa. Mimi nilikuwa nimevaa dera, nikaelezwa kwamba nguo za pamba haziruhusiwi majini, kwa kuwa hunyonya maji zikawa nzito na nyuzi zake huziba machujio ya bwawa. Hivyo tangu mwanzo nilikuwa mama wa kukaa kwenye kiti na kulinda viatu.

Kutoka kwenye kiti hicho niliona yote. Mwajuma alifika mbele ya ubao wa kupimia, akasimama ameunyosha mgongo kama mwanajeshi, miguu mitupu, mabutu yake yamepita mstari. Mhudumu, kijana mpole kabisa, aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha mwanangu na kubonyeza taratibu. Mabutu yakalala. Kiganja kikashuka vidole viwili chini ya mstari, kikakaa hapo. Mwanangu hakulia. Alikuja kwangu, akakaa chini, akaanza kuufumua ule uzi mmoja mmoja, na hakuniuliza swali lolote, wala mimi sikuwa na la kumwambia.

Kwa Rajabu ilikuwa vibaya kwa namna nyingine. Alikuwa amekwisha kutapika pembeni ya bembea la kuzunguka, na baba yake, akidhani anamtia moyo, akampeleka kwenye bomba refu kuliko yote. Alipofika juu akatazama chini, akagoma. Baba yake akapaza sauti kutoka chini, "Mwanamume mzima!" Mtoto akashuka ngazi zile zile akijibanza ukutani kuwapisha watoto wadogo kuliko yeye waliokuwa wakipanda wakicheka. Hakusema neno mpaka tunafika Tegeta.

Usiku ule wifi yangu alisema mezani, mbele ya watoto, "Wifi, nyie watu wa mikoani mnatamani makubwa lakini hamuulizi." Niliuliza! Nilimuuliza yeye mwenyewe, na alinijibu. Nimeshamsamehe, na sasa tunaelewana, lakini neno lile bado nikilikumbuka hunichoma kama mwiba wa jana.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma na kuelewa kwamba ule mstari haukuwekwa kwa ajili ya kuwanyima watoto. Kwenye magari yanayopanda na kushuka kwa kasi, gari linapovuka kilele mwili hunyanyuka kutoka kwenye kiti, na kinachomzuia mtu asichomoke ni chuma kinachoshuka juu ya mapaja yake. Pale ambapo watu wawili wanashirikiana chuma kimoja, hicho huishia kwenye paja la aliye mnene, yaani mama, na mtoto wa pembeni hubaki na nafasi tupu kati yake na chuma. Kumshika mkono hakusaidii kitu. Kwenye mabomba ya maji nako, mtoto hutokea mwishoni kwa kasi na kuingia katika maji ambayo lazima aweze kusimama ndani yake au kuogelea. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usimbembeleze mhudumu, usimpe chochote mkononi, wala usimfundishe mtoto kusimama kwa vidole. Nimewaona wanaofanya hivyo, na moyo wangu hauwezi kukaa kimya.

Mpime mtoto peku, nywele zimelala, visigino vimegusa ukuta, uweke kitabu kigumu bapa juu ya kichwa ndipo upige alama. Mpime mwezi mmoja kabla, halafu umwambie ukweli wa kitakachotokea, kwa maana mtoto anayejua tangu nyumbani kwamba mwaka huu atacheza bwawa la wadogo huenda kwa furaha, lakini anayeambiwa langoni huvunjika.

Vilevile mjaribu hapa hapa kabla ya kulipa nauli. Kila mwezi wa nane, kwenye viwanja vya Nanenane vya Ipuli, huletwa mabembea ya kuzunguka na ya kurusha, na kwa fedha ndogo utajua mtoto yupi hutapika, yupi huogopa urefu, na yupi hataki kushuka. Agosti 2024 mimi na mume wangu tulisimama pale jioni nzima tukitazama tu. Tukagundua kwamba Rajabu haogopi mwendo hata kidogo, bali huogopa kusimama mahali pa juu akisubiri zamu yake. Jambo hilo nilipaswa kulijua, mimi niliyemzaa, na sikulijua mpaka nilipotulia nikamtazama.

Halafu kuna suala la maji. Mtoto wa Ujiji hukua akiliona ziwa mbele ya nyumba yao, na mpwa wangu wa huko anaogelea kama aliyezaliwa humo. Watoto wetu wa Tabora wengi wameliona bwawa la Igombe kwa mbali, basi. Tukawalipia Rajabu na Mwajuma masomo ya kuogelea kila Jumamosi kwa miezi mitatu kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini. Majirani walituona tunaringa. Waache waone hivyo! Fedha hiyo ndiyo niliyoitumia kwa busara kuliko zote, kwa sababu mtoto anayejua kuelea haogopi maji yanayomsubiri mwishoni mwa bomba.

Juni 2025 tulirudi. Mwezi wa sita masika yamekwisha na joto la pwani limepungua, kwa hiyo watoto hawachoki upesi kama Desemba. Tulipanda basi mpaka Dodoma, tukalala, kisha tukachukua treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 hubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam na kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Kwenye mahandaki ya Kilosa giza lilipoingia ghafla behewani, Idrisa alipiga kelele, halafu mwanga uliporudi akacheka na kuuliza, "Mama, ndiyo tumeshafika kwenye bembea?" Safari hii sikuruhusu simu ziwatangulie. Niliwaeleza kwamba mojawapo ya magari ya mwanzo ya reli ya kuchezea huko Marekani, lile la Coney Island la mwaka 1884, lilikwenda kama kilomita 10 tu kwa saa, mwendo ambao baiskeli zetu hapa huupita, na bado watu walipanga foleni na kulipa senti tano wapande.

Tulifika langoni kabla halijafunguliwa. Tulikunywa chai na mkate mkavu tu, chakula kizito tukakiacha mpaka mchana, tukacheza michezo mikubwa asubuhi foleni zikiwa fupi, na baada ya kula tukahamia kwenye maji tulivu. Mimi nilikuwa na vazi la kuogelea la kunifunika mwili mzima, nililolishona mwenyewe kwa kitambaa cha nailoni. Mume wangu alipanda na Rajabu mpaka juu, akasimama nyuma yake kimya, mkono begani. Zamu ilipofika kijana alilala chali, akakunja mikono kifuani na kukutanisha vifundo vya miguu kama alivyoelekezwa, akaenda. Alipanda mara sita.

Mwajuma alikuwa na sentimita 126. Hata hivyo asubuhi ile aliniomba nimsuke nywele za kulala kabisa, na alipofika kwenye ubao alikishika kiganja cha mhudumu yeye mwenyewe akakiweka juu ya kichwa chake.

Wazazi wenzangu, tunawapenda watoto wetu lakini tunapenda zaidi kuonekana tumewapeleka. Mwaka 2023 mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya picha nitakazowaonyesha wateja wangu dukani kabla sijapiga hesabu ya mtoto gani atacheza nini, na katika watatu hakuna hata mmoja aliyefurahi. Anza na yule mdogo na yule mwoga, panga siku yote kwa ajili yao, kwa kuwa jasiri hahitaji kupangiwa.

Sasa, dada yangu wa Nzega, kiingilio hubadilika na pia hutofautiana kati ya siku za kazi na sikukuu, kwa hiyo piga simu huko huko wiki ya safari. Kuhusu mchezo ulio mzuri kuliko yote, wavue wanao viatu leo jioni, wasimamishe ukutani mmoja mmoja, halafu niandikie vimo vyao na umri wao, na uniambie yupi kati yao hupenda kushika mkono wako mnapovuka barabara.