Maswali na majibu: Mimea isiyo na klorofili

Nimeona picha ya mmea mweupe kama nta, hauna hata ukijani kidogo. Huo si uyoga?

Si uyoga. Ni mmea usio na klorofili, ile rangi ya kijani ambayo mimea hutumia kujitengenezea chakula kwa mwanga. Kitaalamu unaitwa *Monotropa uniflora*, na huota kwenye misitu yenye kivuli ya Amerika ya Kaskazini na Asia ya Mashariki. Kila shina lina ua moja lililoinamisha kichwa. Likishachavushwa, linasimama wima na kukomaza mbegu. Uyoga hauna ua wala mbegu. Majani yapo, ila yamesinyaa yakabaki kama magamba. Usiuchume: mkononi hugeuka mweusi.

Tulifundishwa kwamba mimea hiyo hula majani yaliyooza. Ni kweli?

Hapana, ingawa aliyekufundisha hakulitunga. Vitabu viliandika hivyo kwa miaka mingi. Mmea huu hauwezi kuozesha chochote. Mizizi yake imevikwa nyuzi za kuvu, na kuvu hiyohiyo imeshikamana na mizizi ya miti iliyo jirani. Mti huipa kuvu sukari, kuvu huupa mti maji na madini. Mmea wetu mweupe umejipenyeza katikati ya biashara hiyo, unachota sukari ambayo jasho lake ni la mti.

Mwaka 1960 mtafiti Erik Björkman wa Sweden alitangaza jaribio ambalo mimi hulipenda kwa urahisi wake: alidunga glukosi (aina ya sukari) yenye mionzi ndani ya miti, akasubiri. Siku chache baadaye mionzi ilionekana kwenye *Monotropa* zilizoota karibu.

Basi ni kimelea kama lile gugu la kiduha?

Ni kimelea, ila njia yake ni nyingine. Kiduha huchomeka mzizi wake ndani ya mzizi wa mhindi moja kwa moja, tena kina majani ya kijani. *Monotropa* haiugusi mti kabisa. Humwibia tajiri kupitia kwa mchukuzi.

Na kuvu inapata nini?

Hakuna faida yoyote iliyothibitishwa.

Naweza kuuotesha kwenye chungu?

*Monotropa*, sahau. Hauridhiki na kuvu yoyote tu, unataka za jamii ya *Russula* na ndugu zake, nazo zinataka mti ulio hai. Ungehitaji kuhamisha kipande cha msitu.

Lakini kuna okidi iitwayo *Gastrodia elata*, nayo haina klorofili, ambayo China hulimwa kwa ajili ya dawa. Siri ni kwamba kuvu inayoilisha, *Armillaria*, hula mbao, kwa hiyo mkulima hufukia magogo yenye kuvu hiyo na kupanda juu yake. Hata hapo kuna kikwazo: mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na ili ziote zinahitaji kuvu nyingine kabisa, *Mycena*.

Kuna mmea wa aina hii unaoishi chini ya ardhi maisha yake yote?

Upo: okidi *Rhizanthella gardneri* ya Australia Magharibi, iliyogunduliwa mwaka 1928 na mkulima. Hata maua hufunguka chini ya udongo na majani makavu. Kinachoshangaza ni kwamba seli zake bado zina mabaki ya kile kiwanda ambacho kwenye mimea mingine hutengeneza chakula kwa mwanga. Jeni 37 zimebaki humo, na hakuna hata moja inayohusika na mwanga. Zilizobaki zinautumikia mmea kwa kazi nyingine.