Utabiri tunautuma kila msimu, mbona wakulima hawautumii?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko kwenye mradi wa taarifa za hali ya hewa kwa wakulima na wafugaji. Kila msimu tunawatumia meseji kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, wanasoma halafu wanaendelea na mambo yao kama vile hatujasema kitu. Sasa wafadhili wanataka huduma tuitengeneze pamoja na watumiaji. Si ndo kuwaita mkutanoni, tuwaoneshe ripoti watoe maoni?
Afisa mradi

JIBU: Hapana ndugu yangu. Ukiwaita ripoti ikiwa tayari, kazi uliyowaachia ni kupiga makofi.

Iangalie hiyo meseji yenu. Wastani wenyewe ni wa miaka 30, siku hizi 1991 hadi 2020, na unahusu jumla ya mvua ya msimu mzima kwenye eneo kubwa. Mkulima anataka kujua mvua inaanza lini, inakatika lini na katikati ukavu utakuwa wa siku ngapi, sababu msimu unaweza kumwaga maji yote wiki mbili za mwanzo halafu mahindi yakaungua yakiwa yanachanua, na kwenye vitabu vyenu ukaandikwa ni msimu wa wastani!

Kaeni nao mapema, kabla hamjaandika chochote, muwaulize mnaamua nini, mwisho wa kuamua ni lini, na tukikosea mnapoteza nini. Taarifa ikifika mbegu zimeshanunuliwa haimsaidii mtu. Wanawake wapeni kikao chao kwanza, maana kazi za shamba hawagawani sawa na wanaume na simu mara nyingi sio yao.

Halafu kuna njia moja naipenda sana, inaitwa PICSA, ilitoka Chuo Kikuu cha Reading kule Uingereza. Mnachukua kumbukumbu za kituo cha mvua cha karibu mnachora grafu, kila mwaka nguzo yake, urefu wa nguzo ni siku ambazo msimu ulidumu. Mtu anataka kupanda mbegu ya siku 120? Pigeni mstari kwenye 120 ahesabu mwenyewe nguzo zilizovuka. Akipata 12 kati ya 30 ameshajua kwamba mbegu hiyo ingepata siku zake miaka 4 tu katika kila 10, na uamuzi unabaki wake. Hapo mabishano lazima yawepo, kuna atakayesema mwaka ule tulikosa kabisa mavuno mbona nguzo yake ndefu, na huyo msimkatishe, pengine kituo kiko mbali na shamba lake au ukavu wa katikati haukuonekana kwenye grafu, na hilo ofisini msingelijua kamwe.

Na wao wana elimu yao. Ukoo wa Nganyi magharibi mwa Kenya, wanaosoma dalili za miti, wadudu na upepo, wamekaa na wataalamu wa hali ya hewa wakalinganisha utabiri wao na wa kisayansi ili watu wapewe ujumbe mmoja.

SWALI: Na asilimia za utabiri, yaani uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani, wastani au chini, tuwaambie? Naogopa watachanganyikiwa.

JIBU: Waambieni, mtu anayeweka mbegu ardhini kila mwaka kubahatisha anakujua kuliko sisi. Kama utabiri ni asilimia 45 juu ya wastani, 35 wastani na 20 chini, semeni kwamba kwenye misimu 10 yenye utabiri kama huu, 2 itakuwa mikavu. Meseji yenu ilizificha hizo 2, na ndizo zinazomfilisi mtu. Msiahidi tarehe ya mvua kuanza kijijini miezi mitatu kabla, hiyo sayansi bado haiiwezi vizuri, wapeni utabiri wa siku chache mbele kila wiki msimu ukikaribia. Msimu ukiisha rudini na karatasi mbili, mlichosema na kilichotokea, mkae tena. Hela ya safari hiyo iandikeni kwenye bajeti sasa hivi, maana ndo ya kwanza kukatwa.