Kupanda mlima kwa baiskeli ya umeme yenye mota ya kati: gia kwanza, wati baadaye

Mota ya kati hukaa kwenye ekseli ya pedali na huvuta cheni ileile unayoivuta wewe, kwa hiyo gia uliyoweka wewe ndiyo gia ya mota. Wanaotoka kwenye baiskeli zenye mota ya gurudumuni huisahau hali hii. Wakiona mlima hupandisha usaidizi wa mota hadi mwisho, wanabaki kwenye gia nzito, na mota inaanza kunguruma kwa shida.

Tupige hesabu. Wewe, baiskeli na mzigo jumla kilo 100, mteremko asilimia 10. Kupanda kwa kilomita 12 kwa saa kunahitaji takriban wati 360 kwenye gurudumu. Mota kama Bafang BBS02 ya wati 750 inaziweza bila jasho, mradi izunguke. Zungusha pedali mara 70 hadi 90 kwa dakika. Ikishuka hadi 40, mota huvuta mkondo mkubwa huku ikitoa kazi kidogo, na tofauti yote hugeuka joto. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto la nyaya huongezeka mara 4. Kinachoharibika ni transista za kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa mota), au gia ya nailoni iliyomo ndani ya mota, ambayo hulainika na kuliwa meno.

Ndiyo maana kabla hujafikiria betri kubwa zaidi, hesabu meno. Spoketi ya mbele ya meno 46 na ya nyuma ya 28, kwenye gurudumu lenye mzunguko wa mita 2.2, hukupa kilomita 16 kwa saa ukipiga pedali mara 75. Kwenye mlima mkali unaokulazimisha kwenda kilomita 8 kwa saa, pedali zinabaki 37, yaani palepale mota inapoungulia. Badilisha iwe 42 mbele na 34 nyuma: pedali 75 ni kilomita 12 kwa saa, na hata kwa kilomita 8 bado unapata karibu 50. Ukibeba mizigo mara kwa mara, tafuta kaseti (rundo la spoketi za nyuma) ambayo spoketi yake kubwa ina meno 42, ila hakikisha kihamisha gia chako kinafika huko.

Usishuke chini ya meno 42 mbele bila kuangalia mstari wa cheni. Kwenye mota hizi za kufunga mwenyewe, spoketi ndogo haiwezi kuingia ndani kwa sababu ya kasha la gia za mota, hivyo hukaa nje zaidi. Cheni inapinda sana ikiwa kwenye spoketi kubwa ya nyuma, inakwaruza, na ukirudisha pedali nyuma inachomoka.

Shusha gia ukiwa bado tambarare, kabla mguu haujahisi uzito. Ukichelewa, legeza pedali nusu mzunguko, gusa breki kidogo ili swichi yake ikate mota (kama breki zako zina swichi hiyo), shusha gia moja, kisha endelea. Mlio wa "kang!" ni cheni inayohamishwa huku mota ikiivuta. Milio hiyo ikizidi, meno ya nyuma hupinda au cheni hukatika. Kuna kihisi kinachofungwa kwenye waya wa gia na kukata mota chenyewe. Kinaokoa kaseti yako.

Kuanza kutoka kusimama katikati ya mlima ndiko kunakoua mota nyingi. Weka gia nyepesi kabisa kabla ya kusimama, anza na usaidizi kiwango cha 1 au 2, na uondoke kwa mguu. Mafuta ya mkononi (kishikio au kitufe kinachoendesha mota bila pedali) yasubiri baiskeli ishike mwendo. Barabara ikiwa tupu na pana, panda kwa mshazari badala ya kunyoosha moja kwa moja.

Cheni ipime kwa rula: viungo 24, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, yaani inchi 12, ni milimita 304.8. Ikifika 306.3, nunua nyingine, la sivyo itakula na kaseti.

Baada ya mlima mrefu, gusa kasha la mota. Usipoweza kuacha kiganja hapo sekunde chache, pumzisha. Ndani kuna joto zaidi ya hilo.

Betri ya volti 48 iliyojaa husoma 54.6. Inaposhuka, kasi ya juu kabisa ya mota nayo hushuka, kwa hiyo pedali 90 zilizosaidiwa vizuri asubuhi zinaweza kukosa msukumo jioni. Rudi 70 au 75. Na kuhusu umbali: barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, Tanzania, hupanda karibu mita 1000 katika kilomita 33 hivi. Kwa kilo 100, ukiiachia mota kazi yote, utatumia kama wati-saa 490. Ukichangia wati 75 za miguu yako kwa kilomita 12 kwa saa, betri itatoa kama 210 tu.