Chuo cha Karo Nafuu: Ni Nafuu Kweli?

SWALI: Binti yangu anataka diploma ya umeme. Hapa Mombasa tumeona vyuo viwili. Karo ya kimoja ni nusu ya kingine. Nichague vipi? — Mzazi, Likoni

JIBU: Mama, kabla ya karo, hakikisha TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, imesajili chuo na pia imeidhinisha kozi yenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kisha omba karatasi ya ada zote hadi kuhitimu: usajili, mtihani, vifaa vya karakana, mafunzo kazini. Ongeza nauli ya kila siku ya kutoka Likoni. Mara nyingi ile nusu huyeyuka hapo.

Jambo linalowapoteza wazazi wengi ni "asilimia ya waliofaulu". Tuseme waliingia 40, wakafanya mtihani 25, wakafaulu 24. Chuo kitatangaza asilimia 96. Hesabu ya haki ni 24 kwa 40, yaani asilimia 60. Wale 15 ambao hawakufanya mtihani walilipa karo wakatoka mikono mitupu! Uliza wazi: waliojiandikisha mwaka ule walikuwa wangapi, na wenye cheti leo ni wangapi?

Mshahara nao, usikubali wastani. Wahitimu watano wakipata 18,000, 20,000, 22,000, 25,000 na 115,000, wastani ni 40,000, ilhali wa katikati anapata 22,000. Shika huyo wa katikati, na uulize wasio na kazi wamehesabiwa au la.

Chuo kikikataa kujibu, tafuteni kingine.